FAMILIA YA MJINI KATIKA KISIWA CHA MAHAME

Bila shaka unakumbuka kwamba katika muhula wa pili chama chetu kilikuwa na mjadala wenye hoja hii: Mtu aliyelelewa kwa kudekezwa hawezi kujitegemea akipatwa na shida. Mimi nilikuwa upande wa upinzani. Tulishindwa vibaya mno, kura 31 kwa 9, na mmoja wa hao tisa alikuwa mimi mwenyewe. Msemaji mkuu wa waliounga mkono alitugeukia akauliza, "Mnaweza kututajia hata mtu mmoja?" Tukamkodolea macho kama samaki sokoni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta, na sasa nimepata. Sikupata mtu mmoja, nimepata familia nzima! Nimepata pia majirani zao, ambao habari zao zinaharibu hoja yangu kidogo, lakini nitawaeleza na wao kwa sababu ndiyo haki.

Kwanza tuelewane juu ya maneno, manake hiki ni chama cha Kiswahili wala si chama cha Jiografia. Kudeka ni kujiendekeza mbele ya mtu unayejua atakubeba. Kumdekeza mtu ni kumzoesha hivyo. Sisi hudhani kudeka ni kwa watoto tu. La hasha! Mtu mzima naye hudekezwa, ila yeye hudekezwa na mji. Akifungua mfereji, maji hayo. Akibonyeza swichi, stima hiyo. Mkate anaukuta dukani umekwisha kukatwa vipande. Hajui kama anadeka mpaka siku mfereji ukauke.

Mimi mwenyewe nilijijua likizo ya Aprili nilipopelekwa ushago kwa nyanya. Niliambiwa niwashe moto wa kupikia chai. Nilimaliza nusu ya kiberiti, moshi ukanijaa machoni, machozi yakanitiririka njia mbili mbili, na moto haukuwaka. Nyanya alikuja akaangalia mafiga akasema, "Mjukuu wangu, umezirundika kuni kama mtu anayeziba panya shimoni. Acha hewa ipite." Akazitenga kidogo kwa mkono mmoja, akapuliza mara mbili, moto huo ukawaka. Kwa hivyo ninapoandika juu ya watu wa mjini waliohangaika, siwacheki.

Neno la pili ni mahame. Linatokana na kitenzi kuhama. Mahame ni mahali palipokuwa na watu, wakahama, pakabaki patupu. Watu wengi wakisikia habari za kisiwa kisicho na watu hudhani ni kisiwa ambacho hakijawahi kukanyagwa na mguu wa binadamu. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo si ya kuchezea, maana ndiyo iliyowaokoa watu ninaotaka kukusimulia, na ndiyo hiyo hiyo iliyowatesa.

Kisiwa chenyewe kinaitwa Floreana. Ni kimojawapo cha visiwa vya Galapagos katika Bahari ya Pasifiki, mali ya nchi ya Ekuador, kama kilomita 1,000 kutoka pwani ya Amerika ya Kusini. Umbali huo unashinda safari ya barabara kutoka Mombasa hadi Kisumu, na wote ni maji matupu. Ukubwa wa kisiwa ni kilomita mraba 173. Hebu chukua atlasi uone ajabu: Floreana na Nairobi ziko karibu kwenye latitudo moja, digrii moja na kidogo kusini mwa Ikweta! Ungetarajia kukuta kijani kibichi. Lakini mkondo wa Humboldt huleta maji baridi kutoka kusini, na hewa iliyo juu ya maji baridi haipandi ikafanya mawingu ya mvua kama tulivyofundishwa. Kwa hivyo sehemu za chini karibu na ufuo ni kavu, mawe meusi ya volkeno, miiba na mipungate. Ukipanda mlimani unakuta ukungu na manyunyu, na huko ndiko kuna chemchemi. Mtu akishuka ufuoni na asijue jambo hilo, atakufa kwa kiu.

Watu wa kwanza wanaojulikana kufika Galapagos nusura wafe hivyo. Mwaka 1535 askofu Tomás de Berlanga alikuwa akisafiri kutoka Panama kwenda Peru, upepo ukatulia, mkondo ukaisukuma meli mpaka huko. Watu wake walitafuta maji wakakosa, wakatafuna mipungate ili wapate unyevu.

Baada ya hapo walikuja maharamia, kisha wavuvi wa nyangumi. Hawa waliwakamata kobe wakubwa wa kisiwani wakawarundika melini kama akiba ya nyama, kwa sababu kobe yule anaweza kukaa miezi mingi bila chakula wala maji na asife. Mwaka 1820 baharia mmoja wa meli ya Essex aliwasha moto Floreana kwa mzaha, ukateketeza sehemu kubwa ya kisiwa. (Majuma machache baadaye meli hiyo ilizamishwa na nyangumi. Malipo ni hapa hapa duniani!) Mwaka 1832 Ekuador ilikitwaa kisiwa ikapeleka watu wa kukaa. Walilima, wakafuga, wakashindwa, wakahama. Wengine walijaribu baadaye, nao wakahama. Ndiyo maana nasema mahame.

Sasa tuje kwa familia yetu. Heinz Wittmer alikuwa mtu wa ofisini mjini Cologne, Ujerumani. Aliwahi kuwa katibu wa meya wa mji huo, Konrad Adenauer, yule ambaye mwaka 1949 alikuja kuwa Chansela wa Ujerumani Magharibi. Mtu wa kalamu na karatasi, basi. Mkewe aliitwa Margret. Walikuwa na mtoto wa kiume, Harry, aliyezaliwa na mke wa kwanza wa Heinz, wa miaka kumi na miwili hivi, mnyonge wa afya na dhaifu wa macho. Cologne ulikuwa mji wa tramu, mabomba ya maji, maduka na mahospitali. Sisemi walikuwa matajiri wa kuogea maziwa. Nasema walikuwa wamedekezwa na mji, kama nilivyoeleza hapo juu, na kama wengi wetu tunaosoma gazeti hili.

Kwa nini waliondoka? Nyakati zilikuwa mbaya Ujerumani, kazi zikiadimika na siasa zikichafuka. Tena Harry alihitaji hewa safi kwa muda mrefu. Magazeti ya huko yalikuwa yamejaa habari za Mjerumani mmoja, Dakta Friedrich Ritter, aliyehamia Floreana mwaka 1929 pamoja na mwanamke aliyeitwa Dore Strauch. Heinz alisoma habari hizo akavutiwa. Mwishoni mwa Agosti 1932 familia ya Wittmer ilishuka Floreana. Wakati huo Margret alikuwa mjamzito wa miezi mitano hivi.

Hapo naomba tusimame kidogo. Nilipomsimulia mama jambo hili aliacha kukuna nazi akasema, "Huyo bwana alikuwa na akili timamu?" Mimi pia nimejiuliza. Margret alijua kuna daktari kisiwani na alimtumainia atakapojifungua. Hakujua kwamba daktari mwenyewe alikuwa amekimbia Ujerumani ili asisumbuliwe na watu. Alipowaona wageni hakufurahi hata chembe, na hakuficha kwamba hakuja kule kuwa daktari wa majirani.

Nyumba hawakuwa nayo. Walikaa katika mapango yaliyochongwa mlimani, yanayosemwa kwamba yalikuwa makao ya maharamia, karibu na chemchemi. Mizigo yote ilibidi itolewe ufuoni ipandishwe mlimani. Hakuna jirani wa kuazima chumvi, wala duka la mkopo. Meli ilikuja ilipopenda kuja.

Hapa ndipo neno letu mahame linapofanya kazi yake. Wale waliokaa zamani wakahama waliacha miti ya machungwa na malimau, na ikaendelea kuzaa bila mwenyewe. Mtu wa mjini asiyejua kupanda hata sukuma alikuta matunda yananing'inia. Waliacha pia ng'ombe, nguruwe na punda, ambao walizaana wakawa wanyama wa mwitu. Kwa hivyo nyama ilikuwako, kwa mwenye bunduki na shabaha. Lakini nguruwe na ng'ombe hao hawana adabu. Ukipanda mboga wanangoja zichipue wakuje wazile usiku mmoja. Karani wa Cologne akajikuta anakata miti na kujenga ua, na mwanawe mwenye macho mabovu anafanya kazi naye. Pasipo ua hapana shamba, na pasipo shamba hapana chakula meli isipokuja. Hilo hawakufundishwa na mtu. Walifundishwa na nguruwe.

Wale waliosoma kitabu cha mchungaji wa Uswisi Johann David Wyss, kilichotolewa 1812, juu ya baba, mama na wana wanne waliovunjikiwa na meli, watakumbuka kwamba meli yao ilibaki kwenye mwamba ikiwa na karibu kila kitu, na kila siku baba alijua jina la kila mmea. Nilikipenda nilipokuwa darasa la saba. Lakini ukilinganisha na Floreana, unaona yule baba hakuwahi kukosea hata mara moja! Heinz alikosea. Alitumaini nyumba ya mbao itakamilika kabla mtoto hajaja, ikawa kinyume.

Mtoto alizaliwa Januari 1933, ndani ya pango. Margret alijifungua bila mkunga. Ubaya ulikuja baadaye: kondo la nyuma halikutoka. Ndugu msomaji, waulize akina mama, watakuambia kwamba hapo mtu hufa, kwa kutokwa na damu au kwa sumu mwilini. Ikabidi Dakta Ritter aitwe, yule yule ambaye hakutaka majirani, naye akaja akamwokoa. Mtoto aliitwa Rolf, akaishi.

Nimeeleza jambo hili kirefu kwa makusudi. Upande wa kuunga mkono wangeweza kuniambia, "Unaona? Bila daktari angekufa. Hakujitegemea." Ni kweli, na sibishi. Lakini basi hoja yao ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, maana hata nyanya yangu anayejua kuwasha moto kwa pumzi mbili alizalishwa na mkunga. Kujitegemea si kukataa mkono wa mtu. Margret alijifunza kisu, jembe na meko, akajifunza pia kuvumilia tabia ya jirani mkorofi kwa sababu alijua siku moja atamhitaji. Hilo nalo ni somo la kisiwani, na naona ndilo gumu kushinda yote.

Sasa niwaeleze majirani wanaoniharibia hoja.

Miezi michache tu baada ya Wittmer, alikuja mwanamke wa Austria aliyejiita Baronesi, Eloise Wehrborn de Wagner-Bosquet, akiwa na wanaume wawili Wajerumani, Robert Philippson na Rudolf Lorenz. Alitangaza kwamba atajenga hoteli ya matajiri, na magazeti ya ng'ambo yakamwita malkia wa Galapagos. Husimuliwa kwamba siku aliyofika kwa Wittmer aliosha miguu yake katika maji ya kunywa ya chemchemi. Mtu wa mahali pakavu akisikia hivyo anashika kichwa! Yeye alikidekea kisiwa kama mtoto anavyomdekea mama, na kisiwa si mama wa mtu. Kazi nzito zilimwangukia Lorenz, ambaye alidhoofika, akapigwa, akawa anakimbilia kwa Wittmer kutafuta chakula na pa kulala.

Mwanzoni mwa mwaka 1934 kulikuwa na ukame mkali. Mashamba yalikauka na chuki zikakauka pamoja nayo mpaka zikawa kama majani ya kuwashia moto. Mwezi wa Machi Baronesi na Philippson walitoweka. Margret alisema Baronesi alikuja kuaga, akasema anaondoka kwa yoti ya marafiki kwenda Tahiti. Hakuna mtu mwingine aliyeiona yoti hiyo. Vitu vyake vingi vilibaki. Hawakuonekana tena mahali popote duniani mpaka leo, na wako wanaosema waliuawa. Mimi simtaji mtu, kwa sababu mahakama haikumtaja.

Mwezi wa Julai Lorenz alipata nafasi ya kuondoka kwa mashua ya mvuvi wa Kinorwe aliyeitwa Nuggerud. Mnamo Novemba maiti zao wawili zilikutwa zimekaushwa na jua katika ufuo wa Marchena, kisiwa kingine cha Galapagos kisicho na maji ya kunywa. Mashua haikuonekana. Bahari yote imewazunguka, nao wamekufa kwa kiu.

Mwezi huo huo wa Novemba 1934 alikufa Dakta Ritter. Huyu ndiye mtu ambaye nimemfikiria kuliko wote. Yeye hakudekezwa. Alijiandaa kushinda wote. Kabla ya kwenda kisiwani aling'oa meno yake yote ili yasije yakamsumbua mahali pasipo daktari wa meno, akatengenezewa meno ya chuma, na kwa muda yeye na Dore walikuwa wakitumia seti moja kwa zamu! Alihubiri kwamba binadamu asile nyama. Mwisho alikufa baada ya kula kuku aliyekuwa ameharibika. Dore alirudi Ujerumani.

Basi hesabu wewe mwenyewe. Kabla ya ukame ule kulikuwa na nyumba tatu kisiwani. Mwaka 1934 ulipokwisha ilikuwa imebaki moja, ya karani, mkewe, kijana mwenye macho dhaifu na mtoto mchanga. Mwanafalsafa mwenye meno ya chuma hayuko. Malkia hayuko. Mshindani wangu wa mjadala atasema ni bahati. Huenda ipo sehemu ya bahati. Lakini nikiangalia naona kwamba Ritter alikwenda Floreana akiwa na majibu tayari, na Baronesi alikwenda akiwa na amri tayari. Akina Wittmer walikwenda hawajui kitu, na walijua kwamba hawajui. Nguruwe akivunja ua, wanajenga ua mwingine. Mvua ikikosa, wanangoja, wanahifadhi, wanakula kidogo. Mtu aliyedekezwa ana faida moja ambayo sikuiona siku ya mjadala: akishatambua kwamba amedekezwa, haoni haya kuanza upya kama mtoto wa chekechea.

Mwalimu mlezi aliposoma rasimu yangu aliniuliza kwa kalamu nyekundu, "Na Harry je? Yeye hakuchagua." Swali hilo limenisumbua usingizi. Harry alikuwa mdogo kuliko mimi. Aliondolewa shuleni, kwa rafiki zake, akapelekwa mahali ambapo kwa miaka hapakuwa na mtoto mwenzake wa rika lake. Yeye ndiye aliyefanya kazi pamoja na baba yake wakati mama mjamzito hawezi. Alikua, akawa mvuvi, na mwaka 1951 alikufa maji baharini. Siwezi kusema kama Floreana ilimpa afya aliyoitafutiwa au ilimnyang'anya maisha. Ukisoma habari hizi, wote wanaandika juu ya Baronesi. Juu ya Harry utapata mistari michache tu.

Mwaka 1937 Margret alizaa binti, wakamwita Ingeborg Floreanita, jina la kisiwa ndani ya jina la mtoto. Heinz alifariki mwaka 1963. Margret aliandika kitabu juu ya maisha yao, na familia ikafungua nyumba ya wageni. Hoteli aliyoitangaza malkia ilikuja kujengwa na mama wa pangoni, ingawa ndogo! Leo Floreana si mahame tena, kuna kijiji cha watu zaidi ya mia moja. Margret alikufa hapo hapo kisiwani mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 95, sitini na saba na ushei tangu siku aliyoshuka ufuoni na tumbo lake.

Nimemwandikia katibu wa chama kuomba hoja yetu irudiwe muhula ujao. Wale 31 nawakaribisha wote. Mtu akiuliza tena kama tunaweza kutaja hata mtu mmoja, jina ninalo. Na mwenye habari zaidi juu ya Harry, tafadhali aniletee Kidato cha Tatu, dawati la pili karibu na dirisha.